Pazia la Kibao

Chuo Kikuu, Kitivo cha Sheria
3 Februari

Baba yangu, fundi wangu,

Shikamoo. Kaa chini kwanza. Kama kuna suruali ya mtu kwenye cherehani, iache, mwenyewe atangoja.

Wamekubali! Baraza la chuo lilikaa tangu asubuhi, na mimi nikawa nje kwenye korido nimekumbatia mkoba kama mtu anayengoja kung'olewa jino. Mchana mkuu wa kitivo akatoka akaniambia, "Haya Mwalimu, umepata kituo chako." Kituo cha Utafiti wa Sheria za Kimataifa, Baba. Nimewasumbua miaka mpaka wamenichoka, wakaona heri wanipe.

Usifikirie jumba. Wametupa chumba nyuma ya maktaba kilichokuwa kikiwekwa viti vibovu. Kina dirisha moja lisilofunga, na popo waliokuwa darini wametuachia harufu yao. Tuko watatu: mimi, mkutubi mmoja anayepiga chafya kila akifungua kitabu, na mtafiti, binti aliyemaliza masomo juzi tu, ana akili nyingi na subira hana kabisa. Jana tulitoa viti vyote nje tukapiga deki. Kwa furaha niliyokuwa nayo hata mgongo ulisahau kuuma.

Sasa sikiliza. Ufunguzi ni tarehe kumi na mbili Juni. Mlangoni kutakuwa na kibao cha shaba chenye jina la kituo. Kibao kinafunikwa kwa pazia dogo, mgeni rasmi anavuta kamba, watu wanapiga makofi. Hilo pazia nataka ulishone wewe, na kamba nataka uivute wewe. Wenzangu walitaka mkubwa fulani wa wizara. Nikawaambia mgeni wangu rasmi ni fundi cherehani, wakadhani natania.

Chuo kitakukatia tiketi ya basi, na mimi nitakupokea stendi. Wanachotaka ni nambari ya pasipoti yako tu, wakuandikie barua ya mwaliko ya kuonyesha mpakani. Nijibu upesi, na unijibu kwa barua. Usinipigie simu kutoka pale duka la dawa. Mara ya mwisho ulipaza sauti hadi mtaa mzima ukajua nimepunguza mwili.

Najua goti linakusumbua. Lilikusumbua kwenye mahafali yangu, likakusumbua tena kwenye harusi yangu. Safari hii liambie lijikaze.

Mwanao,
Mbishi


Nyumbani
19 Februari

Mbishi wangu,

Marahaba, mama.

Nilikaa kama ulivyoagiza. Suruali ilikuwepo kweli, ya kinyozi wa jirani, na akaingia kuiulizia nikiwa katikati ya barua yako. Nikamwambia mwanangu amepewa kituo. Akauliza, cha basi au cha polisi? Nikamwambia cha sheria za dunia nzima. Akasema basi nikupe hongera, na kama ni dunia nzima kweli, uanze na mwenye nyumba wake.

Tulicheka. Alipoondoka nililia kidogo, sikufichi. Mama yako angekuwepo angezunguka mtaa mzima akijifanya anaazima chumvi, ili aulizwe habari za nyumbani apate pa kuanzia. Jumapili nilikwenda kupalilia kaburi lake nikamsimulia yote, hata habari za popo.

Pazia nitashona. Nipe vipimo vya kibao, upana, urefu na unene pia, maana kitambaa hukwama kwenye kona watu wakaanza kukohoa kwa aibu. Nimeona kitambaa kizito cha buluu iliyoiva. Kamba nitaipitisha ndani ya upindo, ukivuta mara moja linaanguka lote.

Lakini hebu nieleze: kituo ni cha kufanya nini hasa? Nipe maneno ninayoweza kumwambia kinyozi. Sheria ya mwizi naijua, na ya mpangaji naijua. Hii ya nchi na nchi anaisimamia nani? Serikali ikikosea, anayeikamata ni nani?

Na lingine. Si langu, ni la mteja wangu mmoja, mtu mzima, mtulivu. Alizaliwa huko uliko akaja huku angali kijana, enzi zile mpaka ukiwa mstari wa kwenye ramani tu, watu wanavuka asubuhi kwenda sokoni na jioni wamerudi. Nchi zilipotengana, huku wakamwambia wewe wa kule. Kule wakamwambia umechelewa kujiandikisha, tarehe imepita, wewe wa huku. Amekaa hivyo mpaka mvi zimemwingia. Anauliza kama vitabu vyenu vina habari za mtu wa namna hiyo. Ukipata nafasi tu.

Goti lipo vile vile. Tutaona.

Wako,
Baba Mbishi


Chuoni
8 Machi

Baba,

Shikamoo. Umeandika habari za popo, za kinyozi na za upindo, nambari ya pasipoti umeikwepa. Ofisi ya chuo inanishika shati kila siku. Vipimo ni sentimita sitini kwa arobaini, na unene ni wa kidole changu kidogo.

Umeuliza kituo ni cha nini. Hata kamati ya ufunguzi inaniuliza, tena inataka jibu kwa sentensi moja, ichongwe kwenye kibao chini ya jina. Nimeandika hivi: "Kukuza umahiri wa kitaaluma katika tafsiri, ufuatiliaji na utekelezaji wa mikataba ya kimataifa kwa manufaa ya wadau." Mkuu wa kitivo ameipenda mno. Mtafiti wetu aliisoma kwa sauti akauliza wadau ni akina nani. Nikamwambia wadau ni wadau, aendelee na kazi. Kinyozi mwambie hivi: serikali zikiahidiana jambo kwa maandishi, sisi tunasoma kila neno, na zikisahau tunazikumbusha. Kukamata hatukamati mtu.

Kuhusu mteja wako, vitabuni yumo, tena ana sura nzima. Watu kama yeye huitwa watu wasio na utaifa, maana hakuna nchi inayowahesabu kuwa wake. Mwambie kweli, amekosea sana kunyamaza. Kila mwaka anaokaa kimya unamwongezea ugumu. Na kama ana watoto, awahurumie. Mtoto akiwa na nafasi kubwa mahali, siku jambo likijulikana na yeye ataanza kuulizwa karatasi zake, pengine asimamishwe kazi kwanza mpaka wachunguze. Nimesoma mashauri kadhaa ya namna hiyo. Aende uhamiaji mwenyewe kabla hawajamfuata.

Samahani, nimejibu kama niko mbele ya wanafunzi. Nimetoka darasani sasa hivi na chaki bado iko mkononi.

Pasipoti, Baba. Nambari tu.

Mbishi


Nyumbani
2 Aprili

Mbishi wangu,

Nimemfikishia mteja majibu yako. Amekushukuru sana. Anasema habari ya watoto alikuwa hajaifikiria.

Pazia nimelimaliza, limekaa vizuri mpaka mimi mwenyewe nimejisifu. Nimelijaribu kwenye mlango wa kabati. Ukivuta, linashuka bila kelele.

Kuhusu Juni, mama, sitaweza. Goti ni lile lile, na miezi hiyo kuna sare za shule, watu wameshaleta vitambaa. Pazia nitalituma kwa basi. Kamba mpe yule mkubwa wa wizara, itakuwa heshima zaidi kwako. Na kwenye hotuba usinitaje. Sema umetoka familia ya kawaida, inatosha.

Usinielewe vibaya.

Baba


Chuoni
21 Aprili

Baba,

Nimesoma barua yako mara nyingi nikitafuta mahali pa kukuelewa vizuri, nimepakosa.

Kwenye mahafali nilikuwekea kiti. Kila mwenzangu alikuwa na mtu wa kumpiga picha, mimi nikapigwa na mama wa mtu mwingine. Kwenye harusi nilishikwa mkono na mjomba, nikajikaza, nikacheka na wageni. Nchi yenyewe ndiyo uliyozaliwa, Baba, si kwamba nakuita mwisho wa dunia. Na sasa unaniambia nisikutaje?

Nikiwa mdogo ulitaka nijifunze cherehani, mimi nikataka vitabu. Tulibishana mpaka ukanipa jina hili ninalotumia hadi leo. Nilidhani yalikwisha. Kama bado una kinyongo, kiseme. Kama unanionea aibu, au unaona mimi ndiye nitakayekuonea aibu mbele ya wasomi, nalo liseme. Nimekukosea nini?

Sitaki pazia lije kwa basi peke yake.

Mwanao


Nyumbani
10 Mei

Mama,

Hujanikosea kitu hata siku moja. Usilirudie neno hilo, limeniuma.

Nitakuja. Usihangaike na barua ya mwaliko, nitapita kama wanavyopita wengine. Nitafika tarehe kumi na moja na basi la mchana, na pazia nitalibeba mwenyewe.

Baba yako


Chuoni
17 Juni

Baba,

Nilikwenda stendi tarehe kumi na moja. Basi la mchana lilifika, wakashuka watu wote, nikamwuliza kondakta, akasema orodha yake imekwisha. Nikangoja la alasiri. Nikangoja na la jioni.

Ufunguzi ulikwenda vizuri. Mkubwa wa wizara alivuta kitambaa cha meza tulichoazima kantini, kikakwama kwenye kona kama ulivyosema. Nilitoa hotuba. Nilisema nimetoka familia ya kawaida.

Sina la zaidi. Natumaini goti limepata nafuu.

Wako


Nyumbani kwa baba yako
1 Julai

Wewe mtoto,

Hapa ni Mama Mdogo. Baba yako ameniapisha nisikuandikie. Nimeapa, na sasa nakuandikia, Mungu anajua mimi na yeye tutakavyosuluhishana. Barua yako ya mwisho ameisoma akaiweka mfukoni mwa shati, na tangu hapo hali chakula vizuri. Mimi nilimwahidi marehemu dada yangu kwamba nitamwangalia huyu mzee, kwa hiyo liwalo na liwe.

Baba yako hana pasipoti. Hajapata kuwa nayo. Hana kitambulisho, hana kibali, hana kitu. Yule mteja mtulivu aliyekuuliza habari zake ndiye huyo huyo baba yako. Msomi mzima, hukushtuka? Ni nani ameingia mtaa huu akitokea huko isipokuwa yeye? Mkumbuke alivyokuwa: hasafiri, hasogei karibu na askari, benki haingii, nyumba imeandikwa jina la dada yangu. Sisi tulizoea. Wewe ulikua ukiona baba ni mtu wa kukaa nyumbani, basi.

Goti halina hata mkwaruzo. Juzi alipanda darini kuziba bati.

Alitaka kukuambia, ndiyo maana akakuuliza kwa mlango wa nyuma. Ukamjibu kwamba mtu kama huyo anawaponza watoto wake. Siku ile alikuja kwangu uso umemparama, akaniambia, "Shemeji, ikijulikana watamnyang'anya mtoto kituo chake." Ndipo akaamua asije. Halafu ukaandika ile ya kumwuliza amekukosea nini, au umemkosea nini, sijui, nyote mmefanana. Akapiga moyo konde akaondoka.

Alivaa koti. Koti hilo alilishona kwa ajili ya mahafali yako, akalipanua kwa ajili ya harusi yako, na siku ile ndiyo mara ya kwanza kulivaa nje ya chumba. Mpakani kila mtu akashuka na kitabu chake mkononi, yeye akashuka na pazia. Afisa akamwuliza, "Wewe raia wa wapi?" Akajibu, "Mimi fundi." Alidhani wakijua kazi yake watamwamini. Wakamweka benchini, basi likaondoka akiliona. Walimlaza hapo hapo ofisini, kesho yake wakamrudisha.

Na sasa jina lake wanalo. Kila Jumatatu anaripoti uhamiaji mjini, na wamemwambia wakati wowote watampeleka kwao. Nilifuatana naye nikawauliza, kwao ndiyo wapi? Wakasema hilo ndilo wanalolitafuta. Yeye anachohofia ni kaburi la mkewe, nani atalipalilia. Na anakuhofia wewe.

Nimemaliza. Ukimwambia nimekuambia, nitakataa.

Mama Mdogo


Chuoni
9 Julai

Baba, Baba yangu,

Nilianza kuandika "shikamoo" nikashindwa kuendelea. Mkutubi aliingia akanikuta nimelala juu ya meza nalia, akatoka taratibu, na kwa mara ya kwanza hakupiga chafya.

Mama Mdogo hajaniambia kitu. Nimeota.

Nisikilize, na kwa leo usibishe, ubishi niachie mimi. Kwanza, hakuna mtu anayeweza kuninyang'anya chochote kwa sababu yako. Uraia wangu nimeupata kwa mama, sheria ya huko inampa mtoto uraia wa mama yake moja kwa moja. Yale niliyokuandikia yalikuwa mashauri ya nchi za mbali, nayajua kwa kuyasoma, nikayamwaga tu ili nionekane najua. Sikujua namwandikia nani. Nisamehe, Baba. Nilikuambia mteja wako amekosea kunyamaza, kumbe amenyamaza ili mimi nisome kwa raha.

Pili, ili usikae na wasiwasi, nimekwenda mwenyewe kwa mkuu wa kitivo nikamwambia, "Baba yangu ni mtu asiye na utaifa." Akanitazama akasema, "Pole. Sasa unangoja nini? Una kituo kizima." Hakuna lingine aliloniuliza.

Tatu. Miaka kumi nafundisha sura ile. Nimewatungia wanafunzi mitihani juu yake. Nilidhani ulipomwoa mama ulipata uraia wake, kama ambavyo mke angeupata kwa mume, na sikupata hata siku moja kukuuliza. Siwezi kukuambia ninavyojisikia. Nikiwaza ulivyolala kwenye ofisi ile na koti lako, nataka kuvunja kitu.

Suala lako tumelipokea kituoni. Mimi siruhusiwi kulishika kwa kuwa ni mwanao, na hiyo ni kanuni nzuri, kwa sababu ningeandika kwa hasira. Atalishika mtafiti. Nilikuambia hana subira, na safari hii namshukuru Mungu kwa hilo. Jumatatu ijayo nakuja, nitakwenda nawe uhamiaji, nitakaa nawe kwenye hilo benchi lao.

Na kibao nimekifunika tena. Asubuhi wanafunzi walinikuta juu ya kiti napigilia misumari. Nimewaambia kituo hakijafunguliwa, mgeni rasmi hajafika.

Mwanao mpaka mwisho,
Mbishi


Nyumbani
28 Julai

Mbishi wangu,

Tangu uondoke nyumba imekuwa kubwa. Kikombe chako nimekiacha pale pale dirishani.

Afisa wa Jumatatu amebadilika kabisa. Zamani alikuwa haniangalii, sasa ananiita Mzee na kuniuliza yule mwanasheria atarudi lini. Nadhani ulimtisha. Ulipomsomea ule mkataba ambao nchi yake yenyewe imeusaini, na kumwuliza kama angependa akuandikie sababu za kuuvunja kwa mwandiko wake mwenyewe, nilitazama chini nisicheke. Kwa hiyo ndiyo hivyo mnavyozikumbusha serikali. Kinyozi nimemweleza, ameelewa.

Ulipokuwa hapa hatukuzungumza mengi juu ya jambo lenyewe. Wewe ulipika, mimi nilifagia, tukaogopana. Acha niseme kwa barua, kwa barua naweza. Sikuwa na kinyongo. Siku ya mahafali yako nilivaa koti nikakaa hapa kitandani tangu asubuhi mpaka saa niliyodhani mmemaliza. Siku ya harusi vile vile, mama yako alikataa kuniacha peke yangu, akanifungia tai. Nilikuwa nawe, ila hukuniona. Niliona kheri ufikiri nina goti bovu kuliko ujue baba yako hahesabiwi popote.

Lakini mwanangu, kama haitawezekana, usijilaumu. Nimeishi vizuri. Nina kazi, nilikuwa na mke aliyenipenda, nina wewe.

Pazia ninalo. Nimelipiga pasi upya, mpakani walilikunja vibaya.

Baba Mbishi


Chuoni
14 Novemba

Baba,

Kaa chini. Suruali ya mtu weka pembeni.

Unakumbuka walivyokuambia kwamba tarehe ya kujiandikisha imepita? Mtafiti wetu ameitafuta hiyo tarehe kila mahali: maktaba, wizarani, ghala la nyaraka za serikali, akirudi kila jioni na vumbi mpaka kwenye nyusi. Ameona kwamba tarehe ile haikuwa sheria. Lilikuwa tangazo la ofisi tu, mtu fulani alilibandika ukutani na wenzake wakalifuata. Bunge halikulipitisha kamwe. Sheria yenyewe inasema aliyezaliwa hapa kabla ya nchi kutengana, na hakuchukua uraia mwingine, ni raia. Haisemi ajiandikishe wala asijiandikishe.

Wewe ni raia wa nchi hii tangu siku ya kwanza, Baba. Hukuchelewa kitu. Umezungushwa maisha yako yote kwa karatasi iliyobandikwa ukutani.

Wizara imekubali kwa maandishi, jana. Ubalozi wa nchi hii ulioko huko utakupa pasipoti, na ukishakuwa nayo, nchi ya mama itakupa kibali cha kuishi kama mgane wa raia wake. Maana yake utavuka, na utarudi. Kaburi la mama litapaliliwa na wewe mwenyewe. Afisa wako wa Jumatatu ameniandikia kunithibitishia, barua ina heshima hadi nikacheka.

Na si wewe peke yako. Habari zilipotoka watu walianza kuja. Jana mlangoni kulikuwa na bibi mmoja na wanawe wawili, leo kuna dereva, kuna muuguzi mstaafu. Wote ile tarehe. Vile viti vibovu tumevirudisha ndani na kuvigongea misumari, maana watu hawana pa kukaa. Mkutubi anawapokea mmoja mmoja na kuwaandika, na kila mmoja wao anamwombea apone mafua.

Sentensi ya kibao nimeibadilisha. Nimeiandikia kamati hivi: "Kituo hiki kipo ili asiwepo mtu anayeambiwa kila mahali kwamba kwao ni kwingine." Mkuu wa kitivo aliisoma mara mbili, akasema lugha hii si ya kichuo. Halafu akatia saini. Fundi wa kuchonga ameshamaliza, na nimekifunika kabla mtu hajakiona.

Njoo, Baba.

Mbishi


Benchi la mpakani
20 Februari

Mbishi wangu,

Naandika nimekaa kwenye benchi lile lile. Wanakagua mizigo ya basi, wametuambia tungoje, na safari hii nimekaa kwa kupenda. Abiria wengine wananung'unika. Mimi nimenyoosha miguu.

Pasipoti ninayo mfuko wa ndani wa koti. Mfuko huo niliushona tangu mahafali yako, na leo ndiyo umepata cha kubeba. Picha imenitoa vibaya. Mimi naona nimekaa kama mtu aliyeibiwa kuku, Mama Mdogo anasema ni kama aliyemwiba. Kinyozi amekataa kuchukua pesa ya kunyoa, amesema huwezi kumtoza raia siku yake ya kwanza.

Jana nilikwenda kwa mama yako. Nimemwambia naondoka kesho na narudi mwisho wa mwezi. Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumwambia maneno hayo mawili pamoja, naondoka na narudi. Nimelia, kisha nimepalilia.

Afisa wa dirishani alikuwa yule yule. Sijui kama alinikumbuka, huenda alilikumbuka pazia. Akafungua kitabu changu, akaangalia picha, akaniangalia mimi. Akaniuliza raia wa wapi, nikamwambia. Akauliza naenda kufanya nini. Nikamwambia, "Naenda kuvuta kamba." Akagonga muhuri.

Wanatuita tupande. Barua hii sitaitia posta. Nitakuja nayo mkononi mpaka stendi nikupe mwenyewe. Nimekuandikia miaka yote hii, na sijapata kukuona hata siku moja ukisoma barua yangu. Kwa hiyo usije ukaikunja na kuitia mkobani kusubiri nyumbani. Isome hapo hapo tulipo, watu watatupisha. Mimi niko mbele yako, nimeshavaa miwani.

Baba Mbishi